Mpira wa Mlezi Mkuu Kisimani

Hapo zamani za juzijuzi, walioshuhudia wangali hai na wangali kimya, palikuwa na nchi ambayo sitaitaja jina. Ukitaka kuijua, fika mpakani: utaona bendera kubwa kuliko ofisi, na ofisi kubwa kuliko shule. Kiongozi wake aliitwa Mlezi Mkuu, na kulea alilea kweli, maana tangu aanze kazi hiyo hakuna raia aliyeruhusiwa kukua.

Mwaka ule Mlezi Mkuu alirudi kutoka ng'ambo akiwa na kero moyoni. Huko aliwaona viongozi wenzake wakicheza gofu, mmoja stadi, mwingine hajui hata kushika fimbo, na wote wanacheka. Gofu haikumkera. Kilichomkera ni kicheko. Alimwita Waziri wa Furaha, Dokta Mshindo Kapalata, akamwagiza kwamba nchi yetu nayo iwe na siku ya gofu: watu arobaini, wanaojua na wasiojua wachanganywe, wacheze, wacheke. Waziri akaandika "wacheke" katika daftari lake, akapiga mstari chini ya neno hilo, akatoka kinyumenyume mpaka mlangoni kama desturi ilivyo.

Kamati ya maandalizi ilikuwa na wajumbe ishirini na mmoja. Alikuwamo mtaalamu wa kivuli, mtaalamu wa kupeana mikono, na wawili wa kuwasikiliza wenzao na kupeleka habari. Hakuna hata mmoja aliyewahi kushika fimbo ya gofu, jambo ambalo gazeti la serikali lilisifu, likisema kwamba wasioujua mchezo hawawezi kuupendelea.

Kwanza ilitengenezwa fomu. Kila mchezaji alitakiwa ajaze kiwango chake: Bingwa, Wastani, au Anayejifunza. Nia ilikuwa kila kundi lipate mtu wa kila kiwango, ili stadi amwelekeze mgeni na mgeni amchekeshe stadi. Fomu arobaini zilirudi. Mabingwa walikuwa thelathini na tisa. Waziri wa Kilimo aliongeza kwa mkono wake "wa kuzaliwa". Mkuu wa Magereza alijaza Bingwa huku akimuuliza karani wake kama mchezo wenyewe huchezwa nchi kavu.

Fomu moja tu iliandikwa Anayejifunza. Ilikuwa ya Balozi mstaafu Hemedi Kirobo, mzee aliyecheza gofu ng'ambo miaka kumi na minane. Kamati ilishtuka. Balozi aliitwa akahojiwa siku tatu: anajifunza nini, kwa nani, na kwa faida ya nani. Alijibu kwa upole.

"Mchezo huu ukiujua kidogo, unajiona bingwa. Ukiujua sana, unajiona mwanafunzi."

Maneno hayo yalipelekwa idara ya usalama yakachunguzwe. Hata hivyo Balozi hakuondolewa kwenye orodha, kwa kuwa bila yeye mchanganyiko ungekuwa wa kitu kimoja.

Tena ni yeye aliyewaeleza namna wenzetu wanavyowezesha watu wa viwango mbalimbali kucheza pamoja wakafurahi. Alisema kwamba katika gofu mwenye mapigo machache ndiye mshindi, kwa hiyo asiyejua hupunguziwa mapigo katika hesabu yake, na kadiri alivyo dhaifu ndivyo anavyopunguziwa zaidi. Ukumbi ulinuna. Dokta Kapalata akauliza kwa sauti ya baridi ni nani hapa anaitwa dhaifu. Ndipo mjumbe mmoja akamnong'oneza kwamba hicho ni kitu ambacho mtu hupewa, na kwamba wengine hupewa zaidi ya wengine.

Nyuso zikabadilika. Kumbe ni stahiki. Kufikia adhuhuri kila mtu alikuwa ameeleza kwa nini anastahili mapigo mengi kuliko jirani yake. Mawaziri walipewa thelathini na sita, naibu wao thelathini, wakurugenzi ishirini na nne. Mlezi Mkuu alipewa mia moja kwa kila shimo, hivi kwamba kabla hajatoka nyumbani kwake alikuwa amekwisha kushinda. Balozi, kwa kuwa ni mwanafunzi, hakupewa hata pigo moja. Nchi yetu ikawa ya kwanza duniani kuwa na mabingwa watupu, wote wamepunguziwa kwa udhaifu.

Likabaki suala la itifaki. Kwetu gari haliupiti msafara wa Mlezi Mkuu, wala mtu haketi kabla yake. Kamati ikaona ni haki kanuni hiyo iendelee hadi kwenye majani. Iliandikwa hivi: mpira wowote utakaoupita mpira wa Mlezi Mkuu utahesabiwa kuwa umempita Mlezi Mkuu mwenyewe. Balozi aliuliza itakuwaje mpira wa Mlezi Mkuu usipokwenda mbali. Mwenyekiti alijibu kwamba hali hiyo haimo katika mpango wa taifa.

Mwisho yalifanyika mazoezi matatu ya kucheka, kila kicheko kikapewa daraja lake. Miezi minne ikawa imepita.

*

Sasa niwapeleke nyuma ya ukuta.

Nyuma ya ukuta wa Uwanja wa Gofu wa Taifa pana kijiji kiitwacho Nyumaukuta. Miaka sita iliyopita serikali ilikiletea bomba la maji, lakini bomba lilipofika uwanjani likakutana na nyasi, likaishia hapo. Tangu siku hiyo nyasi huoga mara mbili kwa siku. Watu wa Nyumaukuta huchota kwenye kisima kimoja kilichochimbwa na bibi zao.

Msimamizi wa kisima alikuwa Bi Nyamizi, mjane wa miaka hamsini na mitano, mwenye mkono mrefu wa kuvuta kamba na ulimi mrefu kuushinda mkono. Pale kisimani foleni ilikuwa ya mawe. Kila mwanamke huweka jiwe lake kwenye mstari akaenda kwenye shughuli zake, na jiwe likamshikia zamu. Akiwapo mjamzito, mgonjwa au kikongwe, jiwe lake husogezwa mbele na yeyote aliye karibu, bila fomu, bila kikao, bila mtaalamu wa kivuli. Hakuna aliyewahi kuomba jiwe lake lisogezwe kwa sababu ya cheo.

Wiki ile jiwe la mbele lilikuwa la Kabula, mke wa mwanawe Nyamizi. Mimba yake ilikuwa ya mwezi wa tisa. Zahanati ya kata ilikuwa na tangazo mlangoni: mjamzito aje na madumu mawili ya maji safi, asiyekuwa nayo asipokelewe. Mwezi uliotangulia msichana mmoja wa kijiji hicho alirudishwa akiwa katika uchungu kwa kuwa alikuwa na dumu moja. Alijifungulia njiani, na mtoto hakulifikia jua la pili. Kwa hiyo Nyamizi alikuwa na mpango mmoja tu katika maisha yake kwa siku hizo: madumu mawili, maji safi, kabla ya uchungu.

*

Jumamosi ikafika. Katikati ya uwanja ilikuwa imesimamishwa sanamu ya shaba ya Mlezi Mkuu akipiga gofu vizuri. Mlezi Mkuu mwenyewe alisimama mbele ya mpira. Pigo la kwanza lilikata upepo, na mtangazaji akaeleza kwamba hiyo ni salamu kwa hewa. Pigo la pili liling'oa bonge la udongo, nayo ikawa salamu kwa ardhi. Pigo la tatu liliupata mpira. Ukaruka moja kwa moja mpaka kwenye paji la uso la sanamu, ukalia tok, ukageuka, ukapita juu ya vichwa vya mabingwa thelathini na tisa, ukavuka ukuta.

Kule nyuma wanawake walikuwa wamezunguka kisima. Walisikia kitu kinapiga mbizi.

"Nyamizi," mmoja akamwambia, "mbingu nazo zimeleta jiwe la foleni."

"Basi likae nyuma," alisema Nyamizi. "Halina mimba."

Uwanjani palikuwa kimya hata nyasi zilisikika zikinywa. Waziri wa Furaha akakimbilia kipaza sauti. Alitangaza kwamba Shimo la Kwanza tangu awali lilikuwa nyuma ya ukuta, kwa siri, ili kumpima Mlezi Mkuu, naye amelipata kwa pigo moja. Kicheko cha daraja la tatu kikatolewa kama kilivyofanyiwa mazoezi. Kisha mabingwa wakaingia mmoja mmoja. Wakikumbuka kanuni ya kutopita, kila mmoja aliugusa mpira wake ukasogea kama chura mgonjwa. Mkuu wa Magereza, ili kuwa na uhakika, alitia wake mfukoni. Zamu ya Balozi ilipofika, aliweka fimbo chini akasema yeye bado anajifunza.

Saa moja haikupita, askari sita wakawa wamekizunguka kisima kwa seng'enge. Kijibendera kilichomekwa ukingoni. Kibao kikasema: SHIMO LA KWANZA LA TAIFA. MPIRA UNAPUMZIKA. USICHOTE. Na mawe ya foleni yakasombwa kwa toroli, kwa kuwa yalionekana kama maandalizi ya fujo.

*

Nyamizi hakulia. Aliamka alfajiri akaenda kwenye kinamasi cha ng'ombe, mwendo wa saa mbili, akarudi na dumu la maji ya kijani. Muuguzi wa zahanati aliyatazama, akamwonyesha kwa kidole neno "safi" kwenye tangazo. Tumbo la Kabula lilikuwa limeshuka. Siku ya nne Nyamizi akajifunga kanga mbili, akaenda wizarani.

Alisimamishwa tangu asubuhi mpaka jua likapinda. Alipoingia, Waziri hakumwacha aeleze. Alimpongeza. Alimwambia kwamba kuna vijiji vinakufa bila kuingia katika historia, na chake kimeingia bila hata kuomba.

"Mheshimiwa," alisema Nyamizi, "historia haioshi mtoto."

Waziri aliipenda sentensi hiyo. Aliiandika kwenye daftari na kuuliza kama anaweza kuitumia kwenye hotuba. Kisha akamwambia mama asubiri, maana mpira unapumzika, na muda wa mpira kupumzika hupangwa na mpira wenyewe.

Nje, kwenye benchi la wanaosubiri, alikuwa ameketi mzee mmoja amevaa suti iliyopauka. Ni Balozi. Alikuwa ameitwa tena kueleza kwa nini aliweka fimbo chini, na kama kuiweka huko kulikuwa na ishara. Nyamizi akaketi kando yake, akamwamkia, akamuuliza kama yeye ndiye yule anayeujua mchezo wa wakubwa. Balozi akasema anaujua kidogo.

"Hebu niambie, baba. Unaisha lini?"

Balozi alimweleza kama mwalimu anayempenda mwanafunzi. Mpira ukishaingia shimoni hutolewa, ndipo anayefuata acheze.

"Na usipotolewa?"

"Haujaisha, mama. Wote wangali wanacheza."

"Hata aliyeko ikulu anakula chakula chake?"

"Hata yeye."

Nyamizi akacheka, akacheka mpaka akashika mbavu. Katika miezi minne ya maandalizi ya furaha, hicho ndicho kicheko cha kwanza kilichotoka bila ratiba. Akamwomba Balozi amwandikie maneno hayo kwenye karatasi, kwa wino mweusi, herufi kubwa, maana wakubwa huamini kilichoandikwa.

Karatasi hiyo iliingia kwa Waziri saa kumi. Saa kumi na robo Waziri alikuwa amelowa jasho. Mchezo haujaisha. Basi hotuba ya kuufunga, kurasa ishirini na mbili, haiwezi kusomwa. Basi nishani iliyokwisha kuchongwa haiwezi kuvalishwa. Na jambo baya kuliko yote lilisemwa na mwanasheria, kwa mnong'ono, baada ya mlango kufungwa na kufunguliwa na kufungwa tena: kwa mujibu wa katiba, Mlezi Mkuu anapokuwa safarini au mchezoni, nchi huwa mikononi mwa Makamu. Kwa siku nne nchi ilikuwa imetawaliwa na Makamu, na hakuna aliyejua, hata Makamu.

Kamati ikaitwa upya. Mmoja alitaka mzamiaji. Akakataliwa, maana mpira huo hakuna wa kuugusa kabla ya mwenyewe. Mwingine alitaka wavu, akaulizwa kama anamfananisha Mlezi Mkuu na perege. Ililetwa mashine ya kuvuta maji, ikaonekana haina mpira wake wa kupitishia maji, maana huo ulikuwa uwanjani ukinywesha nyasi. Siku ya tano ikapita hivyo. Siku ya sita asubuhi, wajumbe wakiwa wameegemeza vichwa mezani, Nyamizi alionekana mlangoni, mikono imekunjwa, macho chini. Alikuwa hajaondoka katika jengo lile tangu juzi. Mlinzi mmoja alimwonyesha ngazi, akalala chini yake.

"Waheshimiwa," alisema, "sisi watu wa Nyumaukuta hatuna elimu. Tunajua kuchota tu. Maji yakiisha, mpira utabaki."

Wajumbe saba kwa pamoja wakasema kwamba hilo ndilo walilokuwa wakitaka kulisema.

Kufikia jioni lilikuwa agizo, limepigwa muhuri, limesomwa redioni. Liliitwa Operesheni Chota. Kila nyumba ya Nyumaukuta itachota ndoo zisizopungua sita kila siku mpaka mpira uonekane, na asiyechota ni adui wa furaha. Maji yote yatapelekwa mbali na kisima, majumbani, yasije yakarudi chini kwa hila. Nyamizi aliuliza, kwa unyenyekevu ambao jirani zake wasingeuamini, kama wajawazito wangeweza kusamehewa.

Waziri wa Furaha aligonga meza. Hakuna msamaha. Mjamzito ndiye atakayetangulia, ili awe mfano.

"Sawa, mheshimiwa," alisema Nyamizi, akainamisha kichwa zaidi, maana uso wake ulikuwa haufai kuonekana.

*

Siku ya saba asubuhi seng'enge ilifunguliwa. Toroli lilirudisha mawe, kila jiwe limeandikwa namba kwa rangi ya serikali, na askari wakayapanga mstari kwa kamba. Jiwe la Kabula likawa la kwanza, kwa amri. Nyamizi aliishusha ndoo mwenyewe. Hakuivuta mara moja kama siku zote, bali aliizungusha chini kabisa, taratibu, kama mtu anayekombeleza sufuria. Ilipofika juu aliitazama, akakohoa, akaifunika kwa pindo la kanga.

Askari akauliza, "Mama, kuna kitu?"

"Maji, mwanangu."

Nyuma yake wanawake walikuwa wamekwisha kuanza kuimba. Ubeti wenyewe ulitungwa pale pale kisimani, na kufikia mchana askari nao walikuwa wakiuitikia huku wakivuta kamba, kwa kuwa kuvuta bila wimbo ni adhabu:

Choteni tuutafute, mpira wa msifiwa,
Ndoo zote zifuate, ni amri tumepewa,
Hata leo tusipate, kesho tutaruhusiwa,
Kaa chini usitoke, na sisi tupate maji.

Kisima hakikupungua. Nyamizi alikuwa amesahau kuieleza kamati kwamba chini yake kuna chemchemi, na kwamba tangu enzi za bibi yake hakijawahi kukauka hata mwaka wa nzige. Kamati nayo haikuuliza. Ingeulizaje, na mtaalamu wa maji hakuwamo miongoni mwa wale ishirini na mmoja?

Uchungu ulimshika Kabula siku ya nane, jua likiwa utosini. Muuguzi alikuwa amesimama mlangoni kando ya tangazo lake. Alilitikisa dumu la kwanza, likawa limejaa. Alilitikisa la pili, nalo likawa limejaa, ila halikuwa na kifuniko. Mdomo wake ulikuwa umezibwa kwa kitu cheupe cha mviringo, chenye vishimo vishimo, kimezungushiwa kitambaa.

"Kizibo gani hiki?" aliuliza.

"Cha kuokota," alisema Nyamizi. "Mpokee mwanangu."

Akapokelewa. Mtoto alikuwa wa kike, na alilia kwa sauti ambayo haikuwa ya daraja lolote.

*

Operesheni Chota sasa iko katika mwaka wake wa tatu. Kila Ijumaa redio hutangaza kwamba mpira bado haujaonekana, ila ari ya wananchi ni kubwa. Dokta Kapalata alitunukiwa nishani kwa kubuni operesheni. Balozi anaendelea kuhojiwa. Makamu bado hajaambiwa.

Nyumbani kwa Bi Nyamizi madumu hayakauki. Kuna kale kasichana, kana miaka miwili na miezi, kamepata mwiko wa kusongea ugali, na jioni kanausukuma mpira mweupe uani kuelekea kwenye tundu la panya chini ya ukuta. Hakapati. Kila kakikosa, bibi yake huuokota mpira na kuusogeza hatua moja karibu na tundu.

Jirani mmoja aliwahi kusema kwamba huo ni upendeleo.

"Anajifunza," alisema Nyamizi.

Na siku mpira ukiingia, bibi huutoa mwenyewe kwa kidole, akaufuta kwenye kanga, ndipo anayefuata acheze. Nao hucheka wote, uwanja mzima.